BARZA YA JIONI: Nani atalinda shaba ya Ufini?



Mwezi huu barza yetu ilianza na kicheko, lakini kicheko kikatuachia ulizo. Mujukuu wangu anasoma mu sekondari. Jioni moja alikuwa anatusomea kitabu chake, akasema: "Kambo, kule Ufini bamechimba mu jiwe mpaka kupita metre 400. Banataka kuweka mitungi ya shaba kule chini, kisha bafunge kabisa."

Muzee jirani, aliyeshuka mu mugodi miaka yake yote ya nguvu, akaweka kikombe chini. "Unasema nini, mwana? Siye tunaitosha, bo banairudisha?"

Tukacheka wote. Kisha muzee akanyamaza kidogo, akauliza tena, lakini sasa bila kucheka: "Na nani njo atalinda ile shaba? Kama iko shaba, bantu batakuya kuifukula. Hata nyuma ya miaka mia, batakuya."

Lile si ulizo la kuchekesha. Wenye elimu wa inchi nyingi wanalala nalo na kuamuka nalo. Basi leo tulikamate polepole.

WANAZIKA NINI?

Tuanze hapa: shaba si muzigo. Shaba ni sanduku tu. Muzigo uko ndani.

Mu Ufini, sawa mu inchi zingine, sehemu ya umeme inatoka ku nguvu ya atomi. Kuni za kazi ile ni uraniumu, lile jiwe ambalo sisi wa Katanga tunalijua kwa jina la Shinkolobwe. Wanalisafisha, wanalifanya vipande vidogo sawa ncha ya kidole, wanavipanga ndani ya vyuma virefu vyembamba, na vyuma vile vinaingia mu tanuru ya atomi. Nyuma ya miaka michache kuni zile hazitoi tena nguvu ya kutosha. Wanazitosha, wanaweka zingine.

Kila mama anajua mbabula. Makala yakiisha kuwaka, majivu yanapoa, na asubuhi unayatupa. Kuni za atomi haziko vile. Zinapotoka mu tanuru zina ukali wa mionzi kupita sana wakati zilipoingia. Mutu akisimama karibu nazo bila kizuizi, hatapona. Kwa hiyo wanazitia kwanza ndani ya visima vikubwa vya mayi, zipoe kwa makumi ya miaka.

Ukali mwingi unapungua mu miaka mia za kwanza. Lakini ndani yake kuko vitu vinavyokawia. Kimoja kinaitwa plutoniumu 239. Nyuma ya miaka 24,000, nusu yake tu imeisha. Nyuma ya ingine 24,000, nusu ya ile nusu. Njo maana wanahesabu ulinzi wa miaka 100,000 na zaidi, mpaka ukali ukaribie ule wa mawe ya uraniumu yenyewe vile yalivyokuwa mu udongo.

Miaka 100,000! Tukihesabu miaka 25 kwa kizazi kimoja, vile ni vizazi 4,000. Hakuna serikali iliyoishi vile, wala kompani, wala kabila. Kwa hiyo mutu asiseme: "Tutaweka polisi ku mulango." Polisi atakufa, na yule anayemulipa atakufa, na lugha waliyosema itakufa. Wanatafuta mulinzi asiyelala na asiyeomba mushahara.

SANDUKU NDANI YA SANDUKU

Fasi ile inaitwa Onkalo. Iko ku kisanga cha Olkiluoto, mu wilaya ya Eurajoki, pembeni ya bahari. Kuchimba kulianza mwaka 2004. Jiwe la kule ni la zamani sana, karibu miliari 2 za miaka.

Ndani kabisa kuko kuni zenyewe, ngumu sawa kigae, zisizoyeyuka upesi mu mayi. Zinawekwa ndani ya chuma cha kumimina, kwa kubeba uzito. Nje ya chuma kuko shaba, unene wa sentimetre 5. Mutungi mumoja ukijaa unapita tani 20, na shaba yake peke yake ni tani 7 hivi. Nje ya shaba kuko udongo unaoitwa bentoniti. Mama anayefinyanga vyungu atauelewa upesi: ukikunywa mayi unavimba, unajifinya mu kila ufa, unaufunga. Na nje ya udongo kuko jiwe, mpaka juu.

Kila sanduku lina kazi yake, na moja likikosa, lingine libakie. Mwaka 2021 kompani yenye kazi ile iliomba ruhusa ya kuanza kuzika. Mwaka 2024 ilianza kujaribu kazi yote na mitungi isiyo na kuni za ukali ndani, sawa mutu anayejaribu gari mbele ya kupakia watoto.

ADUI NI MAYI

Wewe uliyeshuka chini unajua: mu mugodi adui wa kila siku ni mayi. Pompi zikisimama, ngazi ya chini inazama. Nyuma ya kufunga Onkalo, hakuna pompi itakayobakia. Mayi yatarudi mu nyufa zote za jiwe. Wanajua, na wamekubali. Hawaulizi "mayi yatafika?" Wanauliza: yatafika yamebeba nini, yatatembea mbio gani, na yatatoka na nini?

Mayi ya kule chini hayana oksijeni, na shaba isipopata oksijeni inakawia sana kuharibika. Hapa kwetu tuko na ushuhuda mudogo. Mu makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbuzi wa mambo ya kale walipata mu miaka ya 1957 na 1958 misalaba midogo ya shaba iliyozikwa na wafu wa zamani. Shaba inageuka kijani, lakini nyuma ya mamia ya miaka musalaba ungali musalaba. Hata vile tusijidanganye. Mamia ya miaka si 100,000.

Na shaba ina adui mwingine, nasi tunamujua vizuri: sulfuri. Mawe ya Kipushi ni nini? Ni shaba na zinki zilizoshikana na sulfuri. Sisi tunatumia moto mukali kuziachanisha. Lakini shaba ikikuta sulfuri mu mayi ya chini, inaanza kidogo kidogo kurudi kuwa jiwe. Njo maana kule wanapima sulfuri ya mayi kwa uangalifu, na njo maana wanaufinya ule udongo sana, ili mayi yasipite kwa urahisi.

Mabishano hayakukosa. Uswidi wana mupango ule ule wa shaba, ku fasi inayoitwa Forsmark, wa mitungi karibu 6,000. Mwaka 2007 watafiti wa chuo kikuu cha ufundi cha Stockholm, kati yao Gunnar Hultquist na Peter Szakálos, waliandika kwamba shaba inaweza kuliwa hata na mayi safi yasiyo na oksijeni. Wengine wakarudia majaribio, wakasema hawaoni vile. Wakabishana miaka mingi. Mwezi wa kwanza wa 2018 tribinali ya mazingira ikaambia serikali: ulizo la shaba halijajibiwa vizuri, walete maelezo mbele ya kupata ruhusa. Kompani ikaleta maelezo zaidi, serikali ikakubali mwezi wa kwanza wa 2022, na kazi ya kujenga ilianza 2025. Kila mutu hakutosheka. Lakini mimi nashika hili: sauti ya watu wachache wa maabara ilifika mpaka mbele ya wazuzi, na wazuzi wakaisikiliza.

Kuko pia barafu. Zamani zile inchi za kaskazini zilifunikwa na barafu ya unene wa kilometre mbili na zaidi. Iliyeyuka, na mpaka leo udongo wa Olkiluoto unapanda karibu milimetre 6 kila mwaka, sawa godoro linaloinuka nyuma ya mutu kuondoka. Mu miaka 100,000 barafu inaweza kurudi. Uzito wake unaweza kutingisha jiwe, na mayi yake matamu yakishuka chini yanaweza kuosha ule udongo wa bentoniti. Mambo haya wanayahesabu pia, na kuko fasi ambapo hesabu ile ni ngumu.

MASHAHIDI WA ZAMANI

Mutoto akauliza: "Kambo, nani alishaona miaka 100,000?" Hakuna mutu. Lakini mawe yaliona.

Mwaka 1972, Wafaransa waliokuwa wanapima uraniumu ya Gaboni waliona kwamba mu mawe ya Oklo, karibu na Franceville, sehemu ndogo ya uraniumu inayowaka imepungua. Nani aliiiba? Hakuna mwizi. Karibu miliari 2 za miaka zilizopita, mawe yale yalijiwasha yenyewe, mayi ya udongo yakisaidia, yakawa tanuru ya atomi bila mukono wa mutu, kwa mamia elfu ya miaka. Plutoniumu iliyozaliwa mule iliishia karibu na fasi ilipozaliwa. Vitu vingine vilikwenda na mayi, lakini sehemu kubwa ilibakia pale, bila mutungi na bila shaba.

Shahidi wa pili ni Cigar Lake, mu Kanada. Uraniumu tajiri sana imelala metre 400 na zaidi chini, imezungukwa na udongo wa mufinyanzi, kupita miliari moja ya miaka. Juu yake hakuna alama ya mionzi iliyofika ku uso wa inchi. Lakini musikilize tena: watu walipokuja kuichimba, mwaka 2006 mayi yalivunja na kujaza mugodi. Jiwe lilikaa kimya miaka ile yote. Siku mutu alipolifungua, mayi yakaingia.

MUGODI WA ZAMANI SI KABURI

Neno hili ni kwa wale wanaosema: "Tuko na mashimo mingi, tuyajaze takataka tu."

Wajerumani walisema vile. Mugodi wa chumvi wa Asse ulikuwa umemaliza kazi yake. Kutoka 1967 mpaka 1978 walishusha mule mapipa karibu 126,000 ya takataka za atomi. Hazikuwa kuni za tanuru, zilikuwa za ukali mudogo na wa katikati. Walisema chumvi ni kavu. Lakini mugodi ule ulikuwa umetobolewa kwa makumi ya miaka, na jiwe lililotobolewa linachoka, linasogea, linapasuka. Tangu 1988 mayi yanaingia, karibu metre kubiki 12 kila siku. Mwaka 2013 walitunga sheria ya kutosha mapipa yote. Kuyashusha kulikuwa kazi ya miaka 11. Kuyatosha ni kazi ya wajukuu wa wale walioyashusha.

Ku Marekani, mu jimbo la New Mexico, walichimba fasi mpya mu chumvi, metre 655 chini, kwa takataka za silaha za atomi. Ilifunguliwa 1999, na hesabu yake ni ya miaka 10,000. Mwezi wa pili wa 2014, mwaka wa kumi na tano tu, pipa moja lilipasuka na mionzi ikatoka. Chumvi haikuwa na kosa. Wafungaji wa pipa walitia ndani unga wa kunyonya mayi usiofaa, wa namna ile wanayowekea paka wa nyumbani, nao ukawaka na dawa zilizokuwemo. Fasi ile ilisimama karibu miaka mitatu. Hesabu ya miaka 10,000 ilikwama ku gunia la unga.

SASA ULIZO LA MUZEE

Nani atalinda shaba?

Mu Ufini wanahesabu mitungi karibu 3,250. Ile ni shaba ya kupita tani 20,000. Mutu wa Katanga hahitaji mwalimu wa kumuambia maana ya hesabu ile.

Na sisi tunajua ginsi mulango uliofungwa unavyofunguliwa. Shinkolobwe ilitoa sehemu kubwa ya uraniumu ya mabomu ya Marekani ya 1945. Mwaka 1960 visima vyake vilifungwa kwa simenti. Je, simenti ilidumu miaka 100,000? Haikufika hata 40. Mu miaka ya mwisho ya 1990 watu wetu walikuwa wanachimba pale kwa mikono, si kwa kutafuta uraniumu, bali kobalti, sababu kobalti ilikuwa na bei na watoto walikuwa na njaa. Mwezi wa kwanza wa 2004 amri ya Rais ilifunga fasi ile. Mwezi wa saba wa mwaka ule ule udongo ulianguka, watu 8 wakafa. Amri ilikuwepo. Simenti ilikuwepo. Njaa nayo ilikuwepo.

Wenye kupanga Onkalo wanatoa majibu matatu. La kwanza: walichagua jiwe lisilo na madini ya kutafutwa, ili mutu asiwe na sababu ya kutoboa pale. La pili ni urefu wa kushuka. Metre 400 za jiwe gumu hazichimbwi na mutu mwenye pikipiki na nyundo. Mwenye nguvu za kufika kule atakuwa pia na vyombo vya kupima mionzi. La tatu: wanahesabu hata siku mutu atakapotoboa kwa bahati mbaya na kugonga mutungi mumoja. Yule atapata hatari kubwa, lakini mitungi mingine inabakia imefungwa, kila moja ndani ya udongo wake.

Nilipomupa muzee majibu haya, alikubali mawili ya mwisho. Juu ya la kwanza alitikisa kichwa. "Jiwe halina madini? Kumbe bo benyewe njo banaweka madini ndani!" Mimi sikuwa na la kumujibu. Na nafikiri ni haki msomaji ajue kwamba mulinzi yule ana upande mumoja wazi. Watasahau, ao watakumbuka? Wakikumbuka, watakumbuka hatari, ao watakumbuka shaba?

NANI ALIULIZWA?

Kuko jambo moja la mwisho, nalo si la jiwe. Sheria ya Ufini ya 1987 inaipa wilaya nguvu ya kukataa. Wilaya ikisema hapana, serikali haiwezi kupita juu yake. Mwezi wa kwanza wa 2000 washauri wa Eurajoki walipiga kura: 20 walikubali, 7 walikataa. Nyuma yao bunge likapiga kura, mwaka 2001: 159 kwa 3. Na kompani za umeme zinaweka feza ya kuzika mu sanduku la akiba tangu 1988, mbele ya kazi, wakati wangali wanapata faida. Tena sheria ya 1994 ilikataza kupeleka kuni zile inchi ya mwingine: aliyekula, aoshe sahani yake.

Linganisha na shimo unalolijua wewe, lililo karibu na nyumba yako. Nani aliulizwa mbele ya kulichimba? Nani aliweka akiba ya kulifunga?

Tulipokuwa tunaachana, mbabula imekwisha kupoa, muzee akasimama, akasema: "Basi nimesikia. Kule mulinzi ni jiwe lisilo na bei. Siye, mawe yetu yote iko na bei. Njo maana kwetu hakuna shimo linalobakia limefungwa." Akachukua fimbo yake, akaenda kulala.

Kuzikwa kwa kuni za atomi si jambo la uongo, wala si jambo lililokwisha. Jiwe zuri linaweza kukaa kimya kupita hesabu yetu. Mashahidi wa Gaboni na Kanada wanasema vile. Anayeharibu mara nyingi ni mukono wa mutu: aliyechagua shimo kwa sababu lilikuwa tayari, aliyetia unga wa bure mu pipa, aliyerudi kufungula kwa sababu ya njaa. Mwenye kuahidi miaka 100,000 atuonyeshe kwanza ginsi anavyotunza miaka yake 40.

Ya kuzungumuza nyumbani:

1. Mu muji wetu ni shimo gani lilifungwa, na watoto wetu wanajua kwa nini lilifungwa?

2. Mutu akija kesho na kusema anataka kuzika takataka kwetu, tutamuuliza nini juu ya mayi, juu ya feza ya kufunga, na juu ya haki yetu ya kusema hapana?

3. Sisi wenyewe tunawaachia wajukuu nini ambacho hawakutuomba?

Mubakie na amani. Tuonane ku barza mwezi ujao.